Nusu ya Maikroni

Bamba la kioo lazima lipoe saa mbili
kabla ya kupimwa. Nimezima feni.
Capri Point, chumba cha nyuma, mashine imekaa
juu ya zege lililomiminwa mwambani
(miamba, angalau, Mwanza hatukopi).
Hata hivyo treni ikirudi nyuma kule stesheni
sindano hucheza, na nyota elfu tatu
hutingishwa na mabehewa ya pamba.

Nangoja. Ikitulia, nabonyeza.
Jicho la mashine latambaa mstari kwa mstari
likitafuta doa jeusi, maana kwenye bamba
usiku ni mweupe na nyota ni masizi.
Lazunguka ukingo, lakata katikati,
laandika namba mbili, lahama.
Wiki ya kwanza liliandika nyota isiyo na jina,
angavu mno, ubavuni mwa Kilimia.
Alikuwa mdudu wa ziwani, kaganda kiooni
tangu usiku bamba lilipopigwa.
Nikamtoa kwenye orodha. Kwenye kioo nikamwacha.

Kabla ya mashine alikuwapo Lugembe:
darubini ndogo, parafujo, penseli, kikombe cha karanga.
Kazi ya usiku mmoja wa leo ilimla miaka mitatu,
na kila ukurasa una gumba lake la chumvi.

Nimeyalinganisha madaftari yake na mashine.
Hakukosea ovyo. Nyota baada ya nyota
mstari wake umeegemea kushoto
nusu ya maikroni. Mia tisa na kumi na mbili,
zote kushoto.
Kama debe la muuza dagaa pale Kirumba,
limebonyea, lakini limebonyea palepale siku zote:
ukishalijua bonyeo, hupunjwi tena.

Basi nimeagizwa nilisahihishe jicho lake.
Amri ni fupi. Ongeza nusu.
Namba zikajipanga, safi, za mtu yeyote.

Jumanne mkewe, Minza, alifuata kiti
na koti lililosahauliwa msumarini.
Akauliza ile safu ya pembeni ni ya nini.
Nikamweleza: mumeo aliegemea kushoto,
kidogo sana, unywele ukiupasua mara mia mbili.
Akacheka mpaka akakalia kile kiti.
"Kidogo? Miaka thelathini na moja
nimelala nimebanwa ukutani."

Safu ile sijaifuta. Haina kazi, inakula nafasi.
Kule chini treni inarudi nyuma tena.
Nangoja.