Unywele Katika Nta

Ludvik alikileta ndani ya soksi ya sufu.
"Bi Otilija, kimepata mafua."
Nikamwambia akiweke mezani, aende zake.
Miaka thelathini na mmoja nilichonga meno ya watu wa Ptuj;
nusu ya mji huu hutafuna kwa kazi ya mikono yangu.
Kikopo cha sauti cha gramafoni
hakizidi saa ya mfukoni.
Kinywa ni kinywa.

Skrubu tatu. Mbili zilitii.
Ya tatu iling'ang'ania kama gego.
Nikaitia tone la mafuta, nikaenda kumenya viazi,
nikarudi: bado.
Ililewa mafuta usiku kucha. Asubuhi ikalegea
kwa mlio mdogo, kama mtu anayekiri kosa
huku akitazama pembeni.

Ndani, kiwambo cha ulanga,
chembamba kama ganda la kitunguu;
nilikiinua dirishani nikauona ukungu wa mto Drava
ukipita katikati yake.
Pete mbili za mpira, laini zamani,
sasa makoko ya sufuria.
Mafua yalikaa hapo:
mpira ukikauka kiwambo hakipumui,
na mwanamke anayeimba anatoka
kama nyuki ndani ya kibiriti.

Nilikwangua kwa ndoano ya meno.
Pete mpya nilizikata kwenye mpira wa valvu ya baiskeli,
euro moja na senti arobaini kwa Silvo,
aliyeniuliza, "Kumbe bado unaendesha?"

Kisha nikageuza bamba la nyuma.
Kulikuwa na maandishi, yamekwaruzwa kwa ncha ya sindano:
*F. Kukovec, Februari 1938. Baridi.*
Basi. Baridi.
Hakuandika alilipwa nini.

Na katikati ya ulanga, pale mkono wa sindano
unaposhikwa na skrubu ndogo kama ufuta,
tone lake la nta lilikuwa lingali mahali pake,
na ndani ya nta, unywele.
Mfupi, mweusi, umejikunja. Wa sharubu, nadhani, au wa nyusi.
Aliinama karibu mno, kama ninavyoinama mimi,
akabana pumzi ulanga usitetemeke,
na mwili ukaacha kitu bila kuomba ruhusa.

Nta ilikuwa na ufa. Ufa huvujisha sauti.
Nikapasha ncha ya kisu kwenye taa ya spiriti,
nikaing'oa, nikaipangusia kwenye aproni,
kama nilivyopangusa nta maelfu ya mara,
nikiwaza chakula cha mchana.

Dakika kumi baadaye nilikuwa nimepiga magoti,
tochi kinywani,
namtafutia mwanamume nisiyemjua unywele wake
katika nyufa za sakafu.
Nilipata kipande cha jino la kaure. Pini.
Unywele mweupe, wangu. Manyoya ya paka, tele.
Wa Kukovec, hapana.

Basi nikafanya kazi kama mtu anayedaiwa.
Nta ya nyuki, ya moto, tone lisilozidi kichwa cha pini.
Springi mbili nikazikaza robo,
nikazilegeza nusu ya hiyo robo,
nikazikaza tena, nikatukana,
hadi mkono ukasimama wenyewe,
hauusukumi ulanga wala hauuvuti,
kama ulimi unapopumzika nyuma ya meno.

Jioni, sindano mpya ya chuma. Mpini, mizunguko ishirini.
Santuri ya Ludvik ni polka iliyomegeka ukingoni.
Kodiani ilikwaruza koo, kisha ikafungua kifua,
na ubeti wa pili ulipoanza, mbali, nyuma ya wapigaji,
mtu akapiga chafya.

Nilirudisha sindano nyuma. Akapiga tena.
Mtu ambaye hakuitwa chumbani mle ili asikike.

Nikasimamisha sahani, nikafungua upya skrubu zote tatu,
na kwa ndoano iliyo nyembamba kuliko zote
nikaandika chini ya jina lake:
*O. Rakuša, Novemba. Ukungu.
Unywele wako nimeupoteza.*

Nilitaka kuongeza samahani.
Bamba lilikuwa limejaa.