Lehemu

Nimetia lehemu miaka thelathini na mitatu
hapa Wete, mkabala na duka la vitenge la kina Saumu:
redio, feni, pasi,
kipaza sauti cha msikiti kila kikiparama.
Naijua harufu yake. Naijua inavyochirizika
ikakutanisha waya mbili zilizokataana.
Ndiyo maana daktari aliponambia,
"Mzee Shaame, lehemu yako iko juu,"
nilitazama vidole vyangu.

Akacheka yule binti, nilomjua akienda skuli na shanta mgongoni.
"Siyo hiyo, mzee. Hii ni mafuta yanayosafiri na damu.
Mwili wenyewe huyapika, bila ya hayo huishi.
Iko ya kupeleka, iko ya kurudisha.
Yako ya kupeleka imezidi, ya kurudisha haba,
na iliyozidi hutafuta pa kukaa:
hukaa ukutani mwa mshipa,
utando juu ya utando, kimya, miaka."

Kimya. Hapo nikakaa vizuri kitini.
Redio mbovu hukoroma kabla ya kufa,
hupoteza stesheni, mwenyewe akaileta kwa fundi.
Hii haikoromi.

"Namba hii peke yake hainitoshi," akasema,
"naiweka pamoja na presha, na sukari,
na hizo sigara zilizojificha mfukoni mwa shati.
Haya, nyumbani kwenu kuna aliyefariki ghafla?"

Baba. Hamsini na moja, akitawadha.
Na ndugu yangu Asaa, arubaini na nane,
mwembamba kama antena,
akipanda kilima cha Limbani kwa baskeli bila ya kushuka.
Alianguka juu ya cherahani,
kanzu ya watu imeshonwa mkono mmoja.

Binti akaandika.
Mie nikasikia kalamu yake mpaka tumboni.

Kwa sababu siku ile, matangani, tulisema mengine.
Tulisema: mwembamba vile, maradhi ya moyo yatoke wapi?
Tulisema: kijicho.
Kisha mmoja wetu akataja jina,
na jina likapita ukumbini mkono kwa mkono kama kahawa.
Nilikuwa nimekaa karibu na mlango.
Nilipokea, nikapasisha.
Haukwisha mwezi, Mbarouk jirani yetu
alipakia kitanda, kuku na mke, akahamia Micheweni.

Asaa hakupimwa. Siwezi kula yamini.
Lakini nimetoka hospitali na karatasi mkononi,
na karatasi haina jina la Mbarouk.

Sasa kila usiku kidonge kimoja, cheupe, kidogo kuliko punje ya mtama.
Kidawa ameificha samli, mahala anajua yeye na Mungu wake.
Tui la kwanza humpa shoga yake, mie hunipikia la pili,
na Idi hii kisahani cha halua kilinipita usoni
kama mtu tunayedaiana.
Sigara nimeacha. Mara mbili.

Na juu ya rafu, nyuma ya feni zisizo wenyewe,
ipo redio ya Mbarouk.
Aliileta wiki moja kabla ya msiba, hakurudi kuichukua;
nani angerudi?
Miaka kumi na mmoja nimeipangusa vumbi bila ya kuifungua.
Jana nimeifungua. Waya mmoja tu umeachia.
Tone moja la lehemu, likakaa pale linapotakiwa,
ikaanza kutoa habari za bei ya karafuu.

Nimeifunga kwa kanga ya Kidawa, nimekwenda nayo Micheweni.
Alifungua mlango mwenyewe, ndevu zimeingia mvi.
Akaniangalia mie, akaiangalia redio,
hakunikaribisha, hakunifukuza.

"Kumbe ilikuwa nini?" akauliza.

"Lehemu," nikamjibu,
na nikaomba maji ya kunywa,
maana maneno yaliyobaki yalikuwa marefu.