Mnong'onezi

Kazi yangu ilikuwa kuketi pasipoonekana.
Ukumbi wa Tononoka, mwaka wa sabini na nane,
nyuma ya pazia la magunia ya sukari,
tochi mkononi, daftari mapajani,
na Mwalimu Shekue kanifunga kwa kiapo:
"Wakisahau, wewe ndiwe kumbukumbu yao.
Ila mtazamaji hata mmoja asikusikie."

Alikuwa na misemo yake kuhusu kuandika.
Jumatatu, kuandika ni kutoboa kofia:
uzuri wote u katika vitundu,
kitambaa ni kisingizio.
Jumatano kabadili, ni kupara samaki:
mkono unuke, meza ichafuke,
mlaji asikute gamba.
Na siku aliyodaiwa kodi ya chumba
alisema ni kukopa chumvi kwa jirani
ukamrudishia pilau.
Nami nikayatia yote pembezoni mwa daftari,
nisijue niamini lipi.

Mchezo wenyewe: mfalme amuoza bintiye kwa adui
apate visima vitatu.
Mbele ya baraza, binti alikuwa aseme,
"Nipe kisu, baba.
Nimechoka kusimama katika hadithi yako."
Kisu. Damu tuliichemsha mchana:
maji, sukari, rangi ya halua.

Mwanamkuu akasahau.
Macho yakanijia pembeni, macho ya mbuzi wa Idi.
Nikanong'ona.
Feni ikalia. Mtu akakohoa, mstari wa nne.
Naye akageuka, akainua kidevu:
"Nipe kiti, baba.
Nimechoka kusimama katika hadithi yako."

Ukumbi kimya, waweza kusikia mbu.
Mfalme, ambaye mchana alikuwa karani wa posta,
alikariri majibu ya kisu, si ya kiti.
Akainuka taratibu kwenye kile chake,
akampa.
Binti akaketi.
Damu ikabaki ndooni; tuliinywa usiku ule
kwa mahamri ya jana.

Siku mbili Mwalimu hakunisemesha.
Ya tatu akalitaka daftari,
akakikata kisu kwa penseli
pasi na neno.

Leo mjukuu wangu Tamimu yuwacheka na simu.
Msichana wa nywele za buluu afungua kinywa,
sauti isiyo yake yamtoka:
nipe kiti, baba.
Watu laki tatu wameirudia na adhuhuri haijaadhiniwa.
Nimeiona Makupa, nyuma ya tuktuk, herufi za manjano,
baba kaachwa kituoni: NIPE KITI NIMECHOKA.
Nimeiona kwenye leso ya harusi Kibokoni.
Mgombea udiwani aliinguruma jukwaani,
kwake yeye kiti ni kiti kweli.
Juzi nimeisikia katika tangazo la magodoro.
Magodoro, Mwalimu!
Binti wako wa kifalme, hadi na usingizi.

"Bibi, maneno haya yametoka wapi?"
"Kwenye kikohozi, mwanangu."
Akanitazama vile watazamwavyo
waliosahau kumeza vidonge.

Sikumweleza. Nililitoa daftari sandukuni,
nikaliinua dirishani ukurasa ule.
Mchwa wamekula onyesho la kwanza lote,
harusi, visima, na jina la mfalme.
Kisu bado chasomeka chini ya penseli
ukiulaza karatasi upande wa jua.

Ungeniuliza Jumatatu hii, Mwalimu,
ningekwambia kofia sijui na samaki sijui.
Kuandika ni kumnong'onezea gizani
mtu aliyesahau,
na feni yalia.
Utampa kisu. Atachukua atakachosikia,
na pengine ndicho alichokihitaji,
maana Mwanamkuu alikuwa amesimama tangu alasiri,
kavaa viatu vya dadake, vimembana.

Ila yule wa mstari wa nne
sikupata kumjua jina.
Tiketi alilipa shilingi mbili.
Nusu ya mchezo ni yake.