Mawe Matatu

Kwetu Tabora, nyuma ya kanisa la misheni,
kaburi hujieleza lenyewe.
Msumari ulichora saruji kabla haijakauka:
LUDOVIKO HAMYARI 1909–1978,
ile R ya mwisho imegeukia nyuma,
RAHA YA MILELE UMPE EE BWA,
nafasi ikaisha.

Hilo Hamyari hakuna aliyelijua.
Padri alisema ni jina la Kinyamwezi,
Wanyamwezi wakasema ni la padri.
Naye babu, homa zikimpanda uzeeni,
alimwambia baba neno moja tu:
Mama alichukua jiwe, akaniacha mimi.
Watu wakasema mzee anaweweseka.

Jina nimekuja nalo Maskati, kwenye pasi na kwenye beji,
kwa mkataba wa miaka miwili wa kusafisha meno.
Siku moja mgonjwa, pamba shavuni,
alisoma kifua changu, akatema, akauliza:
"Wewe Hamyari wa nani?"

Kwetu huulizwa unatoka wapi.

Ndiyo sababu Ijumaa hii nimo ndani ya Hilux ya Mohana,
mwendo wa saa mbili hadi Al-Mudhairib.
Kiswahili chake kilikaa kabatini tangu bibi yake afe;
amekitoa na mikunjo yake.
Anasema gari la moshi. Anasema bwana shauri.

Gari tuliliacha kwenye falaji.
Juu ya vilima minara ya walinzi, walinzi hamna.
Mimi nina daftari, mkaa, karatasi nyembamba
za kuchapia herufi.
Mohana akazitazama kwa huruma.

Mawe. Mawe matupu, kama yalivyobanduka mlimani.
"Sisi hatuandiki," akasema. "Mola hahitaji kibao.
Mawili, mwanamume. Matatu, mwanamke. Basi."

"Na Hamyar bin Mansur?"
"Toka hapa mpaka ule mgunga."
Mkono wake ukafagia watu hamsini.

Nikahesabu kama nihesabuvyo magego:
mawili, mawili, matatu, mawili madogo ya mtoto,
pengo.
Miaka mia ya watu wangu, hata R iliyogeuka hamna.
Nilikasirika, sikulia. Nimeuza zamu yangu kwa hili?

Kando ya ukuta, mbali na ukoo, kulikuwa na matatu.
La kichwani la hapa. La miguuni la hapa.
La katikati halikuzaliwa na mlima wowote wa nchi hii:
jeusi, la urefu wa mkate,
mgongo umeliwa, ukang'aa.

Jiwe hili nalijua. Mama analo jikoni.
Ni la kusagia, lile dogo la juu,
tunaloliita mtoto.

"Huyo Zafarani," Mohana akasema. "Mtu wa bara.
Alikuja na mzee, kwa gari la moshi la Mdachi, kisha meli.
Bibi alikuwa akisema unga wa hapa haukumridhi.
Usiku alisaga. Hata mtama ukiwa hamna,
alisaga."
"Na jina lake la kwao?"
Mohana akaangalia viatu vyake.

Mtoto wa miaka minne, homa imemchemsha,
wajomba mlangoni, treni haingoji.
Sijui nani aliamua.
Labda alipewa nafasi ya kitu kimoja,
kisichozidi mkono.
Labda walimwambia mwingine atafuata.

Nilipiga magoti nikaweka kiganja.
Palikuwa na shimo dogo la kidole gumba,
na gumba langu likalala humo
bila kutafuta.

Mohana alisoma Fatiha, mikono wazi.
Mimi nilikuwa na sala moja tu, ya kwetu,
nikaisema chini kwa chini, kwa mama na kwa mwana,
raha ya milele uwape, ee Bwa,
nikafika pale saruji ilipoishia,
nikasogea mbele kidogo:
na.