Usimkate Masikio

Baba alikata picha za vitambulisho kwa wembe,
Kadutu, chini ya bati lililojua kila mvua kwa jina.
Shuka jeupe ukutani, kiti kisicho na mgongo,
na agizo moja kwangu mimi mshika rula:
usimkate mtu masikio.
Serikali haimtambui asiye na masikio.

Leo nakata mashine.

Chumba kiko Nguba, juu ya ziwa,
dirisha lake limezibwa kwa matofali.
Baridi ya humo ni ya kununuliwa;
naivalia koti la marehemu mjomba.
Injinia Akonkwa ameniachia daftari:
kila kifaa picha mbili, uso na mgongo,
zilizonyooka, zisizo na kivuli,
zisizo na sura yangu ndani ya bati linalong'aa.
Upana inchi kumi na tisa, masikio yakiwemo.
Ndivyo wanavyoyaita, masikio,
yale mabati mawili ya pembeni yenye matundu ya skrubu
yanayoishika seva isidondoke kabatini.
Nilicheka peke yangu. Feni zikanizomea.

Kimo nacho kina sheria:
inchi moja na robo tatu ni ghorofa moja.
Ukikosea kwa unywele, kwenye skrini
mashine inamkalia jirani kichwani,
na programu, isiyojua kusamehe,
inasema pamejaa
pale ambapo mkono wangu unapita wazi.

Basi nanyoosha pembe nne
kama anayetandika kitanda cha mgeni,
nafuta mandhari mpaka ibaki ile miraba ya kijivu na myeupe
ambayo maana yake ni: hapa hapana kitu.
Kisha jina, herufi ndogo tupu, bila nafasi:
kiwanda, nukta, modeli, nukta, mbele.
Kiwanda, nukta, modeli, nukta, nyuma.

Watu wa Baba hawakupigwa mgongo hata siku moja.
Nani angeuliza?
Kumbe mgongoni ndiko kunakosemwa:
nyaya zilizofungwa kwa uzi wa gunia la makala,
tundu lililozibwa kwa njiti ya kiberiti,
mjusi, mkavu, amekumbatia waya wa bluu.

Ya kumi na mbili haimo katika katalogi yoyote.
Kiwanda chake kilishakufa.
Nyuma yake utepe mweupe, mwandiko wa biki:
*Usinizime. Narudi. Z.*

Z ni Zihalirwa, mlinzi akaniambia,
alitoka kununua mkate, mwaka ule wa risasi.
Kikombe chake kile pale.
Hakuongeza neno, nami sikumwongezea swali.

Daftari linasema: ondoa lebo, ondoa mwandiko.
Picha ni ya aina, si ya mmoja;
kesho akija pacha wake ndani ya boksi
avae sura hiyohiyo.
Ni haki, sibishi.
Ila mama mmoja wa Cimpunda
alimwomba Baba amfute kovu la paji kwa penseli.
Baba akasugua penseli hewani, akapuliza,
akampa picha yake.
Mama akaitazama sana. Akalipa.

Mimi nilifuta.
Nilianzia mwisho: Z,
kisha *narudi*, herufi kwa herufi,
na hapo Snel wakakata.
Giza. Jenereta ikakohoa mara tatu bila kuamka.
Betri zikabeba mzigo wao kimya,
na taa moja ya kijani, ya kumi na mbili,
ikapepesa, ikapepesa.

Umeme uliporudi, nikamaliza kazi.

Sasa kabati zima limo ndani ya programu,
masikio yote mahali pake.
Akonkwa yuko Uvira, analibonyeza kwa kidole, ananipigia:
"Hii ya kumi na mbili ni ya kale. Jumamosi tunaizima?"
"Hapana."
"Kwa nini? Nimeiangalia, haina neno."
"Igeuze."
"Nimeigeuza. Nyuma ni safi."

Nasikia mvua ikianza upande wake wa simu.

"Basi njoo Nguba," nikamwambia,
"uje na macho yako."