Kipupwe Hajapata Joto

Pikipiki niliiacha juu, barabara inapokatikia matopeni,
nikashuka Kandete kwa mguu, migomba ikinidondoshea ukungu,
begani mtungi wa baridi kali, mkononi glovu
zinazofika kwapani.
"Karibu, mama wa mbegu," akasema Tusekile,
"ila leo umebeba mtungi bure.
Kipupwe hajapata joto."

Jina alimpa mwenyewe: alizaliwa Juni,
mwezi ambao huku hata moshi huona uvivu kupanda.
Sasa ana ndama wa miezi minne, na hajalia usiku,
hajapanda wenzake, hajatoa ute hata wa kudanganya jicho.
Majirani wametaja kijicho. Shemeji ametaja mganga wa Lwangwa.
Mume, Ambindwile, ametaja bei ya mnadani.

Nikaingiza mkono, nikapapasa taratibu
kama mtu anayetafuta ufunguo gizani.
Ovari zimelala, ndogo, nyororo kama njegere.
Hakuna ugonjwa. Hakuna mkono wa mtu, isipokuwa wangu.
Nikautoa, nikamtazama ndama
akikipiga kiwele kwa kichwa, povu mdomoni,
na Kipupwe, macho nusu wazi, sikio moja limeanguka,
akicheua kitu ambacho hakikuwa majani.

Pale, nikasema. Pale ndipo dawa inapopikwa.
Kila ubongo una kishamba chake cha afyuni,
hakina mkulima, hakina polisi.
Ndama akifyonza, kinachanua.
Utulivu unashuka mpaka kwenye kwato,
na lile tone la kuziamsha ovari
linabaki mlangoni, limesahau lilichotumwa.
Dume naye, umemwona akishashuka?
Anasimama kama mtu aliyesoma barua nzuri
na hana wa kumsomea.
Ni afyuni hiyohiyo. Kwa dume inalipa ujira,
kwa huyu imefunga duka.
Uyole, nikiwa mwanafunzi, tulimdunga jike mmoja sindano
ya kuizuia isifike; tukapima damu usiku kucha,
na kabla ya jogoo tone likapanda,
ndama yupo palepale, ananyonya.

Tusekile alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
mtoto kwenye titi la kushoto.
Akacheka mpaka mtoto akaachia.
"Kumbe! Na mimi nilidhani ni uchovu wa viazi."
Nyuma ya ukuta wa mianzi nyundo ya Ambindwile
ikakwama hewani.
Kikohozi. Kisha nyundo tena, polepole, kwa adabu.
Sikusema ndiyo, sikusema siyo.
Ng'ombe ni ng'ombe; mtu ana viazi,
ana mnada, ana maneno ya juzi ambayo hayajaombwa radhi.

Mtenge ndama, nikasema. Anyonye asubuhi na jioni,
usiku alale banda jingine.
Akaniuliza kama jike ataumia.
Nikasema kidogo.
Sikumwambia habari za Lugano wangu, miezi saba,
niliyemwachia bibi yake nikaenda chuoni;
jinsi usiku wa tatu maziwa yalivyolowesha shuka la bweni
na mwili wote ukawasha, kichwa kikagonga,
kama mvuta tumbaku aliyefungiwa ndani.
Wenzangu walisema ni malaria.
Nilimeza vidonge vyao.

Siku kumi na sita, simu ikalia kabla ya alfajiri.
"Amempanda mtamba wa jirani, amepanda pipa,
anataka kunipanda na mimi! Njoo, mama wa mbegu!"
Nyuma ya sauti yake Kipupwe alikuwa analia kwa sauti nzito,
na nyuma ya Kipupwe, nyembamba, kutoka banda jingine,
ndama.

Nikafunga mtungi kwenye pikipiki.
Mvua ilikuwa inaanza, na sikuwa na haraka
kama nilivyomwambia.