Andika

"Mwambie Shaame aandike."
Nilikuwa na miaka sita, chupa ya mafuta mkononi,
nikalisema neno kwa sauti ndogo
wasije wakasikia waliokuja na pesa zao.
Naye, kalamu sikioni, akajibu duka zima lisikie:
"Kwa Kaije tena? Haya. Sukari robo, mafuta kibaba."
Daftari lake lilikuwa na jedwali la kuzidisha mgongoni.
Hesabu niliijulia pale,
na kusoma pia: jina la mama, kichwa chini,
kutoka upande wangu wa kaunta.

Mtambwe, miaka ile, pesa ilikuwa na majira yake.
Karafuu zikizaa, baba hurudi kituoni
na noti zinazonuka makonyo,
akalipa deni lote, akanunua nyama,
betri za redio, viatu vya Khatib
vikubwa namba mbili, ili vidumu.
Wiki ile tulicheka kwa midomo ya mafuta.
Kisha mwaka ukakosa,
mikarafuu ikatoa majani matupu.
Ukurasa mpya. Andika.

Mama alikuwa na fundo kwenye pembe ya kanga.
Hakulifungua mbele ya mtu.
Aligeukia ukuta kwanza,
kama anayenyonyesha mbele ya wageni.

Sasa nina miaka arubaini na mbili, nakaa Machomane,
mshahara unaingia tarehe ishirini na tano.
Sijakopa hata chumvi.
Chini ya kitanda nina magunia matatu ya mchele,
moja limeshaingia fukusi.
Risiti nazihifadhi, hata za maji.
Usiku nabonyeza simu kuuliza salio;
likinijibu ni lile lile la magharibi
ndipo nalala.
Viatu vyangu vimekwenda kwa fundi mara nne,
fundi mwenyewe ananionea haya.

Na Khatib, niliyelala naye jamvi moja,
niliyekula naye sinia moja,
hawezi kuiona noti ikalala.
"Pesa ikilala inaoza, Mize," hunambia.
Akilipwa leo, mtaa mzima umekula kuku.
Kesho hunipigia. Namsema.
Namsema sana, halafu namtumia.
Yeye hajatoka katika ile wiki ya karafuu.
Mimi bado nimesimama kaunta.

Alipofariki Shaame, mwanawe alisafisha duka
akaniletea daftari moja:
"Nimeona jina la bi mkubwa."
Nikalisoma usiku kucha, natafuta unga,
mafuta ya taa, sukari, aibu yangu yote.
Vilikuwemo.
Lakini kila Alkhamisi, kwa penseli iliyofifia:
*biskuti, 1.*
*biskuti, 1.*
Ladha ilinirudia kabla ya jina lake.
Na mimi nilidhani zile ni hisani ya Shaame!
Miaka yote hii nimeliogopa daftari
lililokuwa likininunulia biskuti.

Ungesema hapo nilipona.

Juzi nilikwenda na binti yangu sokoni Chake.
Rahika akasimama mbele ya barafu za ukwaju,
akatazama, akameza mate,
akanishika mkono tuondoke:
"Najua, mama. Hatuna."

Nani kamfundisha?
Neno hilo sijawahi kulitamka ndani ya nyumba yangu.
Pochi ilikuwa imejaa,
na mkono wangu, wallahi, uliganda kwenye zipu.

Nikageukia ukuta.
Nikatoa elfu moja.
"Mbili," nikamwambia muuzaji, "kubwa,"
na chenji
niliihesabu mara mbili.